WAJUMBE WA KUJITOLEA NA AMANA YA ARDHI
Somo kwa Kamati za Vyama vya Msingi



Somo la toleo hili linahusu kazi isiyo na mshahara, isiyo na sare wala cheo kikubwa, lakini ambayo ikiharibika hasara yake huwafikia watoto na wajukuu. Ni kazi ya mjumbe aliyekubali kwa hiari yake kuketi katika kamati ya kutunza ardhi ya pamoja: msitu wa kijiji, chemchemi, kingo za mito, ukingo wa ziwa, pamoja na njia za miguu zinazofika huko. Katika Masukulu na kata nyingine za wilaya yetu ya Rungwe, wanaoombwa kufanya kazi hiyo ni wale wale wanaokuja kwenye mikutano ya vyama vyetu, yaani wakulima wa chai, kahawa, ndizi na parachichi. Kwa hiyo jambo hili si geni kwa ushirika. Tena miongoni mwa kanuni saba za ushirika zilizothibitishwa na Muungano wa Ushirika wa Kimataifa mwaka 1995, ya saba yatutaka tuijali jamii inayotuzunguka.

Shabaha ya somo hili ni moja: kuonyesha kwamba mtu anayejitolea hapunguziwi wajibu kwa sababu halipwi. Wema wa moyo ni mwanzo tu. Kinacholinda ardhi ya pamoja ni mpaka unaojulikana, daftari lililoandikwa na mkutano unaofanyika kwa wakati wake.

AMANA NI NINI?

Amana ni mali anayokabidhiwa mtu aitunze kwa ajili ya wengine. Mwenye kukabidhiwa huitwa mdhamini. Mdhamini hana ruhusa ya kuitumia mali hiyo kama yake, wala kuigawa kwa rafiki, wala kuiacha ioze kwa uvivu. Akiulizwa, yampasa aeleze.

Msingi huu umo katika sheria za nchi yetu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huo huo, yaipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, na yaitaka iifanye kazi hiyo kama mdhamini, wanakijiji wakiwa ndio wanufaika. Halmashauri hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na yapasa itoe taarifa ya usimamizi wa ardhi mbele ya mkutano huo.

Basi kamati ya maliasili, au kamati yoyote ya njia na chemchemi inayoundwa na kijiji, ni mkono wa mdhamini huyo. Haipokei ardhi iwe yake. Inapokea kazi ya kuilinda. Mjumbe asiyeelewa tofauti hiyo ataanza kusema "msitu wangu" na "wageni wangu", na hapo amana imekwisha kuharibika hata kabla mti mmoja haujakatwa.

Ikiwa wananchi wanataka chombo chao cha kudumu, chenye uwezo wa kumiliki mali kwa jina lake, sheria yawaruhusu kuandikisha bodi ya wadhamini kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Lakini bodi iliyoandikishwa bila mpaka unaofahamika na bila hesabu safi ni jina tu juu ya karatasi.

TUNALINDA NINI HAPA RUNGWE?

Wilaya yetu ni nchi ya volkano. Mlima Rungwe una kimo kinachokaribia mita 3,000, na milipuko ya kale ilituachia udongo mzuri pamoja na maziwa ya kreta. Ziwa Ngosi liko katika safu ya Poroto. Ziwa Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba, lina upana wa mita 700 hivi. Na mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba samaki wa ziwa hilo dogo wanaendelea kugawanyika kuwa aina mbili, mmoja akikaa karibu na ufuko na mwingine katika maji ya kina. Katika misitu ya Rungwe, mwaka 2003, watafiti walimwona kima aitwaye kipunji, ambaye wawindaji wa hapa walikwisha kumjua. Mwaka 2005 alitangazwa kwa ulimwengu, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe iliyopewa jina la mlima wetu. Msitu wa Mlima Rungwe ulifanywa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2009.

Hifadhi ya serikali ina askari wake na bajeti yake. Lakini chemchemi inayowapa maji watu wa kitongoji, kichaka kilichosalia ukingoni mwa kijito, na njia ya miguu inayopita kati ya mashamba mawili, hivyo havina askari. Ulinzi wake ni wajumbe wa kujitolea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe za maziwa ya asili. Lakini sheria haiwezi kuchukua kamba ikaenda kupima mtoni. Anayeipima ni mtu.

JINSI NJIA INAVYOPOTEA

Njia ya pamoja haipotei kwa siku moja. Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme njia ya kwenda kisimani ina upana wa mita 2, nayo imepakana na shamba la chai upande mmoja na migomba upande wa pili. Kila mwaka, wakati wa kulima, kila jirani husogeza jembe lake sentimita 10 tu. Sentimita 10 ni kama upana wa kiganja, wala hakuna anayejiona mwizi. Lakini kiganja cha huku na kiganja cha huko ni sentimita 20 kwa mwaka. Katika miaka 10 njia yote imekwisha, nao wanawake wanaobeba ndoo wanazunguka mbali au wanapita ndani ya shamba la mtu na kutukanwa.

Hapo ugomvi huanza, na kila mmoja ana shahidi wake. Kama kamati ingalikuwa imepima njia mwaka wa kwanza na kuandika vipimo, shauri lingemalizika kwa dakika chache. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nasi tuongeze kwamba ardhi ya pamoja ni mali.

FUNZO KUTOKA BABATI

Msitu wa Duru-Haitemba uko wilaya ya Babati, na umezungukwa na vijiji vinane. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuufanya msitu wa hifadhi wa Serikali. Wanakijiji, walipoona kwamba msitu utatoka mikononi mwao, hawakuona sababu ya kuutunza, na ukataji ukaongezeka. Mwaka 1994 njia ikabadilishwa: vijiji vyenyewe vilikubaliwa kuusimamia, kila kijiji katika eneo lake. Vikaweka mipaka, vikatunga sheria ndogo, vikachagua kamati, na vijana wa kijiji wakafanya doria. Uharibifu ukapungua, na mfano huo ulisaidia kuleta Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo yaviruhusu vijiji kuwa na misitu ya hifadhi ya kijiji.

Funzo ni hili: watu hawakugeuka ghafla kuwa wema zaidi mwaka 1994. Kilichobadilika ni kwamba kila kijiji kilijua kipande chake, kanuni zake na mtu wa kumwuliza.

Nchi za nje nazo zimepita njia hiyo. Huko Uingereza, chama cha National Trust kilianzishwa mwaka 1895 na watu watatu, mmoja wao akiwa Octavia Hill, aliyejulikana kwa kushughulikia makazi ya maskini. Ardhi yake ya kwanza ilikuwa ya kutunukiwa, kipande kisichofika ekari 5 katika kilima cha Dinas Oleu, Wales. Mwaka 1907 Bunge lilikipa chama hicho uwezo wa kutangaza kwamba ardhi yake fulani haiwezi kuuzwa kamwe. Huko Marekani, Benton MacKaye alitoa wazo la njia ndefu ya miguu kupita milima ya Appalachia mwaka 1921. Ikakamilika mwaka 1937. Njia hiyo ina urefu wa kilometa 3,500 hivi, na hadi leo inafyekwa na kutengenezwa hasa na vilabu vya watu wa kujitolea, kila klabu na kipande chake kinachojulikana. Yaani njia ndefu vile inasimama kwa kanuni ile ile ya Babati: kila kundi na eneo lake.

KAZI ZA MJUMBE

Sasa tueleze kazi zenyewe kwa utaratibu.

Kwanza, kujua mpaka. Katika miezi mitatu ya mwanzo kamati itembee mpaka wote kwa miguu. Waitwe wazee wanaoujua, majirani wa pande zote mbili, na mwenyekiti wa kitongoji. Wanawake waitwe pia, kwa kuwa wao ndio wanaozijua njia za maji kuliko mtu mwingine yeyote. Hapa tukumbuke jambo moja la kwetu. Desturi ya Wanyakyusa ilimtaka mkaza mwana amwepuke baba mkwe wake, na hata pale ilipolegea, heshima hiyo huweza kumnyamazisha mwanamke katika baraza ambamo mkwe wake ameketi. Kamati yenye busara haitasema, "Wanawake waliitwa, hawakusema neno." Itawapa kikao chao, na mjumbe mwanamke ayaandike maneno yao. Baada ya kutembea, wachore ramani ya mkono, waandike vipimo kati ya alama na alama, na wote waliokuwapo watie sahihi. Alama ziwe mawe yaliyozikwa au miti ambayo wote wanaitambua. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi, kwani hunywa maji mengi.

Pili, kutengeneza njia. Mvua ya Rungwe huweza kupita milimita 2,000 kwa mwaka, na adui mkubwa wa njia ya mlimani ni maji kuliko nyayo za watu. Njia inayoshuka moja kwa moja mlimani hugeuka kuwa mfereji. Yafaa ikatwe kwa mshazari, ikifuata ubavu wa mlima, na ilale kidogo upande wa bonde ili maji yatoke badala ya kutiririka ndani yake. Pale ambapo mteremko ni mkali, kila baada ya hatua chache liwekwe gogo au jiwe la mshazari la kuyatoa maji pembeni, na nyasi zipandwe mahali yanapotokea. Kazi hii ifanywe wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Anayengoja mvua imwonyeshe ubovu atafanya kazi mara mbili.

Tatu, kutunza fedha. Kijiji kikikubali kutoza kiingilio kwa wageni wanaokuja kuangalia ziwa au maporomoko ya maji, hapo ndipo majaribu yanapoanza. Tuseme wageni 40 kwa mwezi wanalipa shilingi 5,000 kila mmoja. Hizo ni shilingi 200,000, na kwa mwaka shilingi 2,400,000. Kila mgeni apewe stakabadhi yenye namba, nakala ibaki kitabuni. Mwisho wa wiki mtu mwingine, asiyekuwa mpokeaji, ajumlishe nakala na kuzilinganisha na fedha iliyopelekwa benki. Malipo yafanywe kwa hati yenye sahihi mbili. Fedha iliyopokewa leo isitumike leo kulipia soda za kikao, hata ikiwa ndogo; ipelekwe benki yote, kisha itolewe kwa idhini. Katika ukaguzi wa vyama nimekuta mara nyingi kwamba upotevu haukuanza kwa wizi mkubwa. Ulianza kwa shilingi mia chache zilizochukuliwa "kwa muda" na mtu mwaminifu asiyekuwa na mtu wa kumuuliza.

Nne, kuandika kazi ya kujitolea. Watu husema kujitolea hakuna hesabu. La hasha. Wajumbe 9 wakifanya kazi siku 2 kila mwezi, kwa mwaka wametoa siku 216. Kama kibarua angelipwa shilingi 10,000 kwa siku, mchango wao ni sawa na shilingi 2,160,000. Hilo si deni wanalodai. Liandikwe katika daftari la kazi, lisomwe mbele ya Mkutano Mkuu, ili wanakijiji wajue nani alifanya nini na ili mjumbe mvivu asijifiche nyuma ya mgongo wa mwenziwe. Tena, kijiji kinapoomba msaada halmashauri ya wilaya au kwa mfadhili, daftari hilo ni ushahidi wa mchango wake.

Tano, kukaa kando penye maslahi yako. Ikiwa njia inapakana na shamba la mjumbe, ashiriki kuonyesha mpaka kama jirani mwingine yeyote, lakini asishiriki kuamua. Ikiwa ndugu yake anaomba kazi ya kuongoza wageni, atoke nje ya chumba na muhtasari uandike kwamba alitoka. Jambo hili ni gumu katika vijiji vyetu ambako karibu kila mtu ni shemeji, mjomba au mkwe wa mwenziwe. Kwa sababu hiyo hiyo linahitajiwa zaidi. Mjumbe aliyetoka nje amemwondolea ndugu yake maneno ya watu.

Sita, kutoa taarifa. Mkutano Mkuu wa Kijiji ukikutana kila baada ya miezi mitatu, kamati isome taarifa fupi: mpaka uko salama au umevamiwa wapi, njia gani zimetengenezwa, fedha kiasi gani zimeingia na kutoka, na salio ni ngapi. Taarifa yenye jambo baya lililosemwa wazi hujenga imani kuliko taarifa tamu isiyo na tarakimu.

CHAMA CHA MSINGI KISAIDIEJE?

Chama cha ushirika hakina mamlaka juu ya ardhi ya kijiji, wala kisijaribu kuyachukua. Hata hivyo kina vitu vitatu ambavyo kamati changa aghalabu haina. Kina mtunza vitabu, ambaye anaweza kumfundisha mhazini wa kamati kuandika daftari la fedha kwa siku mbili. Kina vifaa na ghala, na chaweza kuazima majembe, sururu na toroli kwa kuandikiana. Tatu, kina mkusanyiko wa watu: siku ya mkutano wa wanachama ni siku nzuri ya kutangaza zamu za kutengeneza njia.

Faida hurudi kwa chama chenyewe. Majani mabichi ya chai hayangoji; yakichelewa kufika kituoni daraja lake hushuka. Njia ya miguu iliyozibwa au kumomonyoka ni hasara ya mkulima kabla hajafika barabarani. Na chemchemi ikikauka, kitalu cha miche ya parachichi nacho hukauka.

WAJUMBE WANAPOCHOKA

Kamati nyingi za kujitolea hazifi kwa ugomvi. Hufa kwa uchovu. Mwaka wa kwanza wajumbe wote huja. Mwaka wa pili huja watano. Mwaka wa tatu mwenyekiti na katibu hubaki peke yao, na watu huanza kusema kamati ni yao wawili. Dawa yake ni kugawa kazi mapema. Kila mjumbe apewe kipande chake cha njia au cha mpaka kwa jina. Muda wa kukaa madarakani uwekwe, na wajumbe wasiondoke wote kwa wakati mmoja, bali theluthi moja kila mwaka, ili wapya wafundishwe na wa zamani. Anayetoka akabidhi daftari, ramani, stakabadhi na vifaa kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Daftari lililobaki nyumbani kwa katibu wa zamani ni amana iliyopotea nusu.

Wala tusiwaonee vijana kwa kuwapa jembe tu huku kalamu ikibaki kwa wazee. Kijana anayejua kupima kwa simu yake ya mkononi aweza kuzihifadhi alama za mpaka kwa namna ambayo mvua haiwezi kuzifuta. Mzee ajua kwa nini mti ule ulipandwa pale. Kamati inawahitaji wote wawili katika kikao kimoja.

Mgeni aliyelipa kiingilio ataliona ziwa saa moja kisha ataondoka. Mjumbe wa kujitolea huenda asisifiwe na yeyote. Lakini siku mtoto wa kitongoji atakapopita katika njia pana kwenda kuteka maji safi bila kutukanwa na mtu, kazi ya mjumbe huyo itakuwa imeonekana.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji chako, taja njia moja ya pamoja ambayo imepungua upana. Nani anajua upana wake wa zamani, na je, umeandikwa mahali popote?
2. Kuna tofauti gani kati ya mwenye mali na mdhamini? Toa mfano kutoka chama chako.
3. Kamati imepokea stakabadhi zenye namba 101 hadi 150. Nakala 46 zipo, nne hazionekani. Mhazini ni mtu anayeheshimiwa sana. Kamati ifanye nini, na kwa utaratibu gani?
4. Mjumbe ambaye shamba lake linapakana na chemchemi ndiye anayefanya kazi kwa bidii kuliko wote. Aachwe aamue juu ya mpaka huo? Toeni sababu.
5. Chama chenu kinaweza kutoa msaada gani mmoja kwa kamati ya maliasili kabla ya mvua zijazo? Andikeni jina la mtu atakayeusimamia na tarehe ya kuanza.